Windows Imegoma Kupanda: Soma Dalili Kabla ya Kuipiga Upya

Mwalimu mmoja wa kike alishuka stendi ya Kange asubuhi ya Jumamosi akitokea Muheza, akapanda daladala mpaka Ngamiani, akaweka laptopu yake mezani kwangu hata salamu hazijaisha. "Fundi, nipigie Windows. Imejaribu kupanda toleo kwenda Windows kumi na moja mara tatu, kila ikifika katikati inarudi nyuma. Ipige tu upya, nataka kuondoka na gari la saa tisa."

Nikamuuliza, "Mwalimu, matokeo ya wanafunzi yako wapi?"

Akaigusa laptopu ile ile kwa kidole. "Humu humu."

Hapa Tanga, "kupiga Windows", yaani kuifuta na kuiweka upya, kumekuwa kama Panadol. Kompyuta nzito, piga Windows. Haina sauti, piga Windows. Imegoma kupanda toleo, piga Windows. Kupiga upya ni dawa ya kweli kwa magonjwa fulani, na nitayataja. Ila kwa magonjwa mengine kunaficha tatizo wiki mbili tatu, kisha linarudi likiwa limekula na mafaili ya mtu. Toleo likigoma kupanda, kule kugoma ni dalili, na dalili ina chanzo chake. Kitafute kwanza chanzo.

Tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, kazi hizi zimeongezeka mezani kwangu. Ndiyo maana nayaandika haya kwa urefu.

Njia zilizopo ni tatu

Watu wengi wanazijua mbili. Ya kwanza ni kupandisha: unaanzisha usakinishaji ukiwa ndani ya Windows uliyonayo, mafaili na programu vinabaki, na mfumo wa zamani unawekwa kando katika folda iitwayo Windows.old. Ya pili ni kupiga upya: unaiwasha mashine kwa flashi, unafuta patisheni, yaani vile vyumba ambavyo diski imegawanywa, unaanza na diski tupu.

Ya tatu mafundi wengi huiruka, nami naipenda kuliko zote. Ni kupandisha toleo juu ya toleo lile lile: Windows 11 juu ya Windows 11. Unafungua faili la ISO, lile faili moja lililobeba Windows nzima ya kusakinisha, ukiwa ndani ya Windows, unabofya setup.exe, unachagua kubaki na mafaili na programu. Mafaili ya mfumo yaliyoharibika yanabadilishwa yote, kazi za mtu haziguswi. Masharti yake ni machache: lugha ya ISO ifanane na ya mfumo uliopo, aina ifanane, Home kwa Home na Pro kwa Pro, na toleo la ISO lisiwe la nyuma kuliko lililomo. Ukiona kile chaguo cha kubaki na programu kimefifia na hakibofyeki, karibu kila mara ni kwa sababu moja ya hizo. Usiendelee. Tafuta ISO inayofaa.

Kabla hujagusa kitu

Nakili kazi za mtu kwenye diski ya nje au flashi. Nasema ya nje kwa makusudi, kwa sababu nimechoka kusikia "vitu vyangu viko D, viko salama". D na C mara nyingi ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikiungua, vyote vimeungua, na fundi akikosea patisheni moja kwenye ile orodha ya kufuta, D imekwenda.

Usiishie kunakili Desktop na Documents. Programu nyingi za uhasibu huficha hifadhidata yake kwenye C:\ProgramData au kwenye folda yake yenyewe, hivyo toa bakap kutoka ndani ya programu. Barua za Outlook zinaweza kuwa kwenye faili la .pst. Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zitapotea kama mwenyewe hajaingia kwa akaunti yake.

Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data. Ikiwa imefungwa, pata ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujabadilisha lolote kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila ufunguo, data hiyo haitoki, na hakuna fundi wa Ngamiani wala wa Dar atakayeitoa.

Halafu umeme. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji na iwe imechomekwa. Desktopu isiyo na UPS usianze kuipandisha siku ambayo umeme unakatika na kurudi. Umeme ukikatika wakati mafaili ya mfumo yanahamishwa, tatizo dogo la draiva, ile programu inayoendesha kifaa kama printa au Wi-Fi, linageuka kuwa mashine isiyowaka.

Mwisho, mweleze fundi ukweli. Mficha uchi hazai. Kama Windows yako iliwashwa kwa programu ya kukraki leseni, sema, maana programu hizo huchezea huduma za mfumo na huweza kukwamisha masasisho. Nikijua mapema nakuokolea nusu siku.

Dalili: inasema kompyuta haikidhi vigezo

Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, UEFI (aina mpya ya BIOS) yenye Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka), TPM 2.0 (kifaa cha kutunza funguo za usalama), na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Programu ya PC Health Check, ya bure kutoka Microsoft, inakuambia ni kipi kimekosekana.

Kama kilichokosekana ni TPM peke yake, usikate tamaa haraka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ikisema haipatikani, ingia BIOS. Kwenye mashine nyingi za Intel inaitwa PTT, kwenye za AMD inaitwa fTPM, na mara nyingi imezimwa tu. Iwashe, rudi, jaribu tena.

Kama ni UEFI, andika msinfo32 uangalie mstari wa BIOS Mode. Ukisoma Legacy, diski yako huenda iko katika mpangilio wa zamani wa MBR. Hapa ndipo wengi hufuta diski nzima bila sababu. Windows ina amri ya mbr2gpt inayogeuza mpangilio bila kufuta data. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, anza na mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, ndipo uandike mbr2gpt /convert /allowFullOS, kisha uingie BIOS na kuhamia UEFI. Ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu diski ina patisheni kuu zaidi ya tatu. Hata hapo, bakap iwe imeshatoka.

Prosesa ndiyo kikwazo kisichohama. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa huku ni za Intel kizazi cha sita na cha saba. Soma namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Orodha ya Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha mashine chache za kabla yake. Zipo njia za kuupita ukaguzi huo, na kuna mafundi wanaoziuza kama huduma. Mimi simshauri mtu anayetegemea mashine kwa kazi. Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyokidhi haina uhakika wa kupata masasisho, na toleo la 24H2 la Windows 11 limekuja na sharti la prosesa lisilopitika kwa hila yoyote kwa mashine kongwe sana. Kwa mwenye mashine ya namna hiyo naona mambo mawili: kujisajili kwenye masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10, ambayo kwa watumiaji wa nyumbani yanafika Oktoba 2026, au kuacha Windows na kuhamia mfumo mwingine, Linux Mint, kama kazi zake ni kivinjari, barua na nyaraka.

Dalili: nafasi haitoshi

Namba ya kosa huwa 0x80070070. Hamisha video, nyingi huwa zimetoka WhatsApp, endesha Disk Cleanup, acha walau GB 30 wazi. Zile laptopu ndogo zenye hifadhi ya GB 32 iliyogandishwa kwenye ubao hazifikii kigezo cha GB 64, kwa hiyo usizihangaishe.

Ujumbe ukisema mfumo umeshindwa kusasisha patisheni ya System Reserved, tatizo ni tofauti: ile patisheni ndogo ya kuwashia, yenye MB 100 hivi, imejaa. Kufuta video zako hakutaisaidia chochote.

Dalili: inafika asilimia fulani, inajizima, inarudi toleo la zamani

Hili lilikuwa tatizo la mwalimu, na ndilo ninaloliona zaidi. Ukiona 0xC1900101, mshukiwa wa kwanza ni draiva. Namba hii huja na mkia, kwa mfano 0xC1900101 – 0x20017, na ule mkia una habari. Tarakimu ya kwanza baada ya 0x inakuambia hatua ilipofia: 2 ni pale mashine inapobuti kwenye mfumo mdogo wa usakinishaji, 3 ni inapowaka mara ya kwanza na toleo jipya, 4 ni mara ya pili. Mteja akiniletea picha ya skrini yenye mkia huo, nimepata nusu ya jibu kabla sijashika bisibisi.

Chomoa kila kitu cha nje: printa, modemu, kadi ya kumbukumbu, kisoma alama za vidole. Hata flashi yenye ISO, nakili faili ndani kisha itoe. Ondoa antivairasi ya kununua kabisa, kwa kuwa kuizima tu hakutoshi. Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, itashika zamu. Sasisha BIOS na draiva za skrini na Wi-Fi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mashine yenyewe, na kama diski ina BitLocker, isimamishe kwanza kabla ya kugusa BIOS. Kaa mbali na zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi ninazokutana nazo zimeweka draiva zisizo za mashine husika, na hizo hizo ndizo zinazoua upandishaji.

Ikigoma tena, soma kumbukumbu zake. Ziko C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther, faili la setuperr.log na la setupact.log. Ni marefu na yanachosha, kwa hiyo Microsoft inatoa chombo kiitwacho SetupDiag kinachoyasoma na kukutajia chanzo cha kushindwa, mara nyingine na jina la draiva lenyewe.

Namba nyingine mbili za kukariri: 0xC1900208 maana yake kuna programu isiyopatana na toleo jipya, iondoe, 0x80073712 maana yake faili la mfumo limeharibika au halipo. Kwa hiyo ya pili, kwenye Command Prompt ya msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, kwa mpangilio huo. DISM huvuta mafaili mtandaoni, hivyo uwe na bando.

Dalili: imeganda kwenye asilimia moja kwa saa nyingi

Tofautisha kuganda na kwenda polepole. Taa ya diski ikiwa bado inamulika, subiri. Kwenye hadidiski ya zamani inayozunguka, upandishaji unaweza kula nusu siku, na kuuzima katikati ni kujitafutia balaa. Taa ikiwa imetulia kabisa saa mbili na zaidi, hapo imeganda.

Sasa sikiliza diski. Mlio wa tik-tik, au mashine inayoganda hata ukifungua folda ya kawaida, ni diski inayokufa. Endesha CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu na namba isiyo sifuri mbele ya Pending Sector, yaani sekta zinazoshukiwa kuoza, acha habari za Windows. Nakili data kwanza, ukianza na ya thamani zaidi, maana hujui imebakiza saa ngapi.

Niliwahi kuletewa desktopu ya nyumba ya wageni upande wa Raskazone. Ilikuwa imepigwa Windows mara mbili ndani ya miezi miwili, kila mara inatulia kidogo kisha inakuwa nzito tena, na mwenyewe alikwishalipa mara zote mbili. Hakuna aliyeikagua diski. Kila Windows mpya ilikuwa inaandikwa juu ya sekta zilizooza, inapata zilizo nzima, inakimbia siku kadhaa, mpaka inazikuta tena zile mbovu. Nilimwekea SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, nikapiga Windows mara moja, kwa kuwa kwenye diski mpya ndipo mahali pake. Orodha ya wageni wa kabla ya fundi wa kwanza haikupatikana tena, na hilo bado linaniuma.

Mashine za karibu na bahari zina jambo lao jingine. Upepo wa chumvi hushambulia miguu ya RAM. Upandishaji unaokufa kila mara kwa namba tofauti ya kosa unanipeleka kwenye RAM moja kwa moja: itoe, safisha miguu kwa kifutio laini na spiriti, irudishe, kisha uache Windows Memory Diagnostic ifanye kazi. RAM mbovu huharibu mafaili wakati yananakiliwa, na itaharibu usakinishaji mpya sawasawa na ilivyoharibu upandishaji.

Dalili: imepanda, lakini sauti, Wi-Fi au kasi imepotea

Una siku 10 za kurudi nyuma, kupitia Settings, System, Recovery, Go back. Ndani ya siku hizo usiruhusu mtu "kukusafishia" Windows.old, maana ndiyo tiketi ya kurudi.

Mara nyingi hakuna haja ya kurudi. Weka draiva kutoka kwa mtengenezaji. Acha mashine usiku mmoja ikiwa imewashwa na ina intaneti, imalize masasisho na kupanga faharasa ya mafaili. Uzito wa siku ya kwanza huwa umetokana na hayo. Kama bado programu zinafunga zenyewe, ndipo naitumia ile njia ya tatu.

Lini nipige upya bila kusita

Mashine iliyoingiwa na virusi. Mashine ya mtumba iliyokuja na akaunti za mtu au ofisi isiyojulikana. Windows ya biti 32, kwa kuwa Windows 11 ni ya biti 64 pekee na hakuna njia ya kupanda kutoka huko. Diski mpya. Na mashine ambayo draiva, diski na RAM vimekaguliwa na bado njia ya tatu imeshindwa.

Kabla ya kufuta, hifadhi draiva zilizopo: kwenye Command Prompt ya msimamizi, tengeneza folda kwenye diski ya nje, kisha andika pnputil /export-driver * E:\draiva, ukibadilisha E kwa herufi ya diski yako. Dakika tano hizo zinakuokoa na ile hali ya mashine mpya isiyo na Wi-Fi ya kupakulia draiva ya Wi-Fi.

Kupiga upya nako kuna dalili zake. Flashi isipoonekana, jaribu menyu ya kuwashia, F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na itengenezwe kwa programu ya Media Creation Tool au Rufus. Kukokota mafaili ya ISO kwa mkono kwenye FAT32 hugoma pale faili moja linapozidi GB 4.

Diski isipoonekana kabisa kwenye orodha, hasa kwa Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, usidhani imekufa. Pakua draiva ya diski iitwayo Intel RST kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, ifungue kwenye flashi, kisha bofya Load driver. Diski inajitokeza papo hapo. Nimeona watu wakiuziwa SSD mpya kwa tatizo hili.

Usakinishaji ukidai intaneti na Wi-Fi haionekani, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Leseni isikutie hofu: kama mashine ilikuwa na leseni halali ya kidijitali, inatambuliwa yenyewe ikiunganishwa mtandaoni, ilimradi ubao mama ni ule ule na umeweka aina ile ile ya Windows. Ukiweka Pro mahali pa Home, itakudai ufunguo.

Na kama kuna mtu alikwisha kukupigia Windows, mafaili yako hayaonekani, usihifadhi chochote kipya. Angalia C:\Windows.old\Users. Fundi akiwa amesakinisha juu ya patisheni ile ile bila kuifuta, kazi zako zote ziko humo, mpaka mfumo utakapoifuta folda hiyo wenyewe baada ya siku chache.

Laptopu ya mwalimu ilikuwa na mkia wa 0x30018, na SetupDiag ikataja draiva ya modemu ya zamani ya USB ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisahau, maana siku hizi anatumia simu. Tulinakili matokeo kwenye flashi mbili, moja akaweka mkobani, moja ikabaki mezani kwangu. Nikaondoa programu ya modemu pamoja na draiva yake, nikazima na kuwasha, nikaanzisha setup.exe kutoka ndani. Ilipanda bila kurudi nyuma. Saa nane na nusu alifungua faili la Kidato cha Pili, akahesabu majina mstari kwa mstari mpaka la mwisho, ndipo akafunga laptopu na kwenda Kange.